Kitabu cha Fundi na Juala la Wembe

Ukifuata moshi wa nyama choma pale Kenyatta Market mpaka uishe, na harufu ya nywele zinazochomwa ncha kwa kiberiti ianze, hapo katikati utakuta benchi. Zamani lilikuwa benchi la kanisa. Mguu mmoja ulivunjika, likafukuzwa ibada, na sasa limeegemezwa tofali na linabeba wenye dhambi bila kulalamika. Mbele yake kuna safu ya vibanda vya wasusi, nyuma yake kuna mabucha, na pembeni anakaa Musembi na birika lake la kahawa ya tangawizi. Wenye benchi ni watatu. Kuna Jamleck, anayeitwa Bunge kwa sababu hajawahi kukubali jambo kabla ya kulijadili mara tatu. Anauza viatu vya mitumba, lakini viatu hujiuza vyenyewe, yeye anaongea. Kuna Gerishon, anayeitwa Wakili, muuza kadi za simu. Alishtakiwa siku moja kwa kuuza barabarani, akajitetea mwenyewe, akaachiliwa, na tangu hapo hakuna sheria asiyoijua. Na kuna Kiarie, ndiye Wembe, kwa ukali wa ulimi wake. Shule aliiacha Fomu Tu, kidato cha pili, au shule ilimwacha, inategemea unamuuliza nani. Kazi yake ni kuwavuta akina dada kutoka barabarani hadi kwenye viti vya wasusi, na kwa kazi hiyo hana mpinzani sokoni kote. Mwulize yeye mwenyewe, atakuambia hata kabla hujauliza.

Jumamosi hiyo, mwaka wa elfu mbili na sita, Wembe alifika bila hata "niaje". Alikuwa amekumbatia juala jeusi la plastiki kama mtu aliyebeba kuku wa wizi. Ndani ya juala mlikuwa na riwaya yake, *Soja wa Lavington*, kurasa mia moja na sabini alizopigiwa chapa kule saiba. Nakala nyingine haikuwako duniani, maana kompyuta ya saiba iliingiwa na virusi ikafa na kila kitu. Lakini juala silo lililokuwa likimchoma. Kilichomchoma kilikuwa ng'ambo, kibandani kwa Mbithe.

Mbithe ndiye msusi ambaye Wembe humletea wateja wazuri. Ndiye pia msichana ambaye utani wote wa Wembe hupimwa kwake kwanza kabla ya kuletwa benchi. Na leo, kwenye kamba ambayo Mbithe huanika nywele za kusukia, katikati ya zile nyeusi na zile za rangi ya damu ya mzee, vilining'inia vitabu vitano vimebanwa kwa vibanio vya nguo. Vitabu vya Odero.

Odero! Fundi wa redio! Mtu aliyekaa benchi hili miaka yote akisikiliza tu, asiyeweza kusimulia hata ajali aliyoiona kwa macho yake bila watu kusinzia. Alikuwa amepeleka maandishi yake River Road kwa watu wa kuchapa, na haikupita muda kitabu kikawa nje. Jalada lilimeremeta. Picha yake mwenyewe ilikuwa ndani ya duara lenye umbo la yai, tai shingoni, mawingu meupe nyuma, na jina lake chini kwa herufi za dhahabu.

— Mmeona? Wembe aliuliza.

— Tumeona, Bunge alijibu. Tangu asubuhi. Kinameremeta.

— Sijauliza kama kinameremeta.

— Umeuliza kama tumeona. Tumeona kikimeremeta.

— Huyo amejichapa, Wembe alisema, akiketi kwa nguvu mpaka tofali likaguna. Kujichapa si kuchapishwa. Hata mimi naweza kuvaa suti nijiamkie kwa kioo nikijiita waziri.

— Na mbona bado hujavaa? Musembi aliuliza, akimimina kahawa.

Musembi ana ubaya huo. Anaongea mara moja kwa saa, na mara hiyo moja inakuingia.

— Sikizeni, Wembe alisema. Wale wachapishaji wa Westlands walinipigia.

— Ulituambia jana, alisema Wakili.

— Sasa nawaambia leo. Edita, anaitwa Nyawira, sauti yake tu utajua amesoma. Akaniambia, Kiarie, tumependa mswada wako.

— Alisema "tumependa" ama "tumeupenda sana"? Wakili aliuliza. Kisheria ni vitu mbili.

— Alisema tumependa! Jumatatu anataka jibu. Nikisema ndiyo, ninaandikiwa mkataba. Nikisema hapana, mambo yamekufa.

— Sasa sema ndiyo tukunywe kahawa, Bunge alisema.

Wembe alilikumbatia juala upya. Sehemu iliyofuata hakuipenda, na kila alipoisimulia ilizidi kuwa mbaya.

Ile riwaya ilikuwa ya soja mmoja anayelinda jumba la watu matajiri kule Lavington. Wenye nyumba wakisafiri, soja huyu anafungua lango na kuwakodisha maharusi bustani wapigie picha. Kila Jumamosi harusi tatu, nne, kila bwana arusi akiwaambia wageni kuwa nyumba ni ya mjomba wake. Jioni soja anashuka Kawangware, anaingia baa na mkulima wa bustani, wanagawana na kucheka. Mpaka siku analetwa bibi arusi mmoja ambaye soja akimtazama tu, funguo zinamwanguka.

Nyawira alikuwa ameipenda. Ila alikuwa na maombi. Wachapishaji hawaishi kwa riwaya, alimweleza. Wanaishi kwa vitabu vya shule. Kitabu kikipitishwa kusomwa shuleni, kila mtu anakula. Kisipopitishwa, kinalala stoo. Kwa hivyo baa itoke. Bia itoke. Soja, badala ya kuwa soja, awe mwanafunzi wa Fomu Foo anayelinda usiku ili ajilipie karo. Na bibi arusi, kama haingekuwa shida, awe mwalimu wa kilimo.

— Mwalimu wa kilimo! Bunge alipiga paja.

— Wa kilimo, Wembe alisema. Halafu ningoje miaka mitatu.

Miaka mitatu. Hapo ndipo wivu ulipomkaba. Alikuwa amekwisha kupiga hesabu usiku kucha. Kwa miaka mitatu Odero atakuwa ametoa kitabu cha pili, cha tatu, amemwoa Mbithe, na mtoto wao anasoma kwa sauti vitabu vya baba yake hapo hapo kibandani huku Wembe akipiga kelele barabarani: nywele, nywele, madam, karibu nywele!

— Basi nenda River Road kama Fundi, Bunge alisema. Uza kitanda, uza redio, chapa. Jumamosi ijayo uko kwa kamba.

— Zi! Wakili alikuja juu. River Road usiende. Unajua wale watu? Mchana wanakuchapia kitabu chako. Usiku wanajichapia chako. Kabla hujatoa mzigo kwa mlango, chako hicho hicho kinauzwa barabara ya Tom Mboya, chini kwa lami, rahisi kuliko unavyouza wewe.

— Na Westlands je? Bunge alisema. Kwani Westlands ni mbinguni? Kule wako na stoo chini ya ardhi. Imejaa miswada mpaka juu. Unaleta yako, unaambiwa ngoja. Unangoja. Kumbe imepewa mpwa wa bosi, amebadilisha majina. Soja amekuwa rubani. Lavington imekuwa Dubai.

— Nani alikuambia?

— Nilimuuzia viatu mtu anafagia huko.

— Dawa yake ni kisheria, Wakili alisema, akisogea mbele. Unaenda kwa kamishna wa viapo. Unaapisha kila sura. Sura ya kwanza, mhuri. Sura ya pili, mhuri. Tena ukitaka kuwa salama kabisa, unampeleka soja mwenyewe aape.

— Soja gani?

— Soja wa kitabu.

— Wakili, soja nimemtoa kwa kichwa yangu.

— Hiyo ndiyo watakushinda nayo kortini. Huna shahidi.

Bunge aliona amepitwa, na Bunge hapendi kupitwa.

— Mimi naona hivi. Wembe aandike mara mbili. Ya kwanza ya shule, soja anafaulu mtihani, anapanda miti, anakataa dawa za kulevya, anaonya wenzake kuhusu ukimwi. Hiyo apeleke Westlands. Ya pili ya baa, apeleke River Road, jina lingine. Halafu zenyewe zishindane. Ile ya baa ikiuza, ya shule inapata wivu, inauza pia.

— Kitabu kinapata wivu? Musembi aliuliza.

Bunge alikuwa bado anahesabu faida kwa vidole.

— Wembe! Mbithe aliita kutoka kibandani. Unaniletea mteja leo ama unaniletea kelele tu?

Wembe alisimama mara moja. Aliliweka juala mapajani kwa Bunge, akamwambia ukipoteza hii nakupoteza, akaingia barabarani. Wengine hushika wateja mikono. Wembe hashiki mtu. Husimama tu mahali ambapo lazima upite, anakutazama nywele kwa huruma, kama daktari.

— Madam, alimwambia dada mmoja mrefu aliyevaa koti la ofisini. Nani alikufanyia hivi? Usitaje jina. Mungu atamwona. Kuja.

Dada alicheka kabla hajaamua, na ukishacheka umekwisha kukaa. Jina lake lilikuwa Peres, alifanya kazi mjini, na alitaka rasta nyembamba, zile ndogo ndogo kabisa ambazo huanza na chai ya saa nne na kumalizika jua likizama. Mbithe alimfunga kitambaa shingoni akaanza kumgawa nywele.

Wembe alikuwa akirudi benchi kifua mbele wakati Odero alipotokea.

Alikuja polepole, katoni la vitabu begani, amevaa ile tai ya kwenye picha. Huo ndio ulikuwa ubaya wa Odero: hakuringa. Angeringa, Wembe angejua la kufanya. Lakini Odero aliweka katoni chini, akawasalimia mmoja mmoja kwa mkono, akamwagiza Musembi awape wote kahawa, kisha akamgeukia Wembe kwa upole wa daktari anayekupa majibu mabaya.

— Wembe, ndugu yangu. Bado unangoja?

— Singoji. Nafikiria.

— Usifikirie sana. Mimi nilifikiria mwaka mzima, halafu nikaamka siku moja nikasema, Odero, utakufa bila kitabu? Nikaenda. Hakuna mtu amenibadilishia hata nukta.

— Ndiyo maana nukta zako zinalia, Wembe alisema.

Wakili na Bunge walipasuka. Odero naye alitabasamu, na tabasamu hilo lilimuudhi Wembe kuliko ngumi. Mtu mwenye kitabu kwa kamba anaweza kutabasamu tu. Hahitaji kukujibu. Kitabu kinamjibia.

— Mwandishi! Mbithe aliita. Siku zote alikuwa akimwita Fundi. Kuja, huyu dada anaangalia kitabu yako.

Odero alijirekebisha tai, akavuka. Wembe naye alivuka, maana kukaa hakungewezekana, na benchi zima likamfuata, Bunge akiwa na juala kwapani.

Peres alikuwa amekitoa kitabu kwenye kibanio. Alikitazama. Uso wake ulibadilika. Alivuta kitambaa cha shingoni vizuri, akashusha sauti.

— Woi. Pole sana, alimwambia Mbithe. Alikuwa wa kwenu?

— Nani?

— Huyu marehemu.

Mikono ya Mbithe ilisimama hewani na chanuo.

— Mimi ndiye huyo, alisema Odero.

Peres alimtazama. Akatazama picha. Akatazama duara la yai, mawingu, herufi za dhahabu.

— Mnafanana kweli, alisema kwa huruma. Ni pacha wako? Amezikwa ama bado?

Wembe aliona kila kitu kwa mara moja, akashangaa vile hakukiona tangu asubuhi. Wale watu wa River Road, kazi yao ya kila siku ni nini? Ni kadi za harusi na vile vijitabu vya mazishi vinavyogawiwa kanisani. Picha kwenye yai. Mawingu. Jina kwa dhahabu. Fundi alikuwa ameenda kwao akasema nichapieni kitabu, weka picha yangu mbele, nao wakamtengenezea kile wanachojua kutengeneza. Tangu wiki jana Odero alikuwa akizunguka mjini akiwapa watu kijitabu cha mazishi yake mwenyewe.

— Mimi niko hai, dada, Odero alisema. Ni riwaya.

Lakini Peres alikuwa amefungua mkoba.

— Hata kama, alisema. Shika hii, mnunue maua.

Benchi lilianguka kwa kicheko. Bunge alishika nguzo ya kibanda. Wakili alifuta machozi na kadi za simu. Mbithe alijaribu kutocheka mpaka mabega yakamsaliti. Na Odero akasimama hapo na noti ya rambirambi mkononi, hajui airudishe ama aseme asante.

Wembe alicheka kuliko wote. Alicheka kwa kujipinda, mkono kiunoni. Lakini chini ya kicheko kulikuwa na mdudu mdogo, naye aliuma. Yule dada hakuuliza bei. Hakufungua hata ukurasa mmoja. Alimwona Odero kwenye mawingu akatoa pesa. Ni lini mtu asiyemjua Wembe alimtolea Wembe kitu bila kuombwa?

Waliporudi benchi, Wakili alikuwa akifikiri, na Wakili akifikiri kuna hatari.

— Wazee, alisema. Huyu Fundi hakukosea.

— Unasema nini? Bunge alimtazama.

— Ni nani husomwa sana? Waliokufa. Ni nani huwekwa shuleni? Waliokufa. Pablisha anasumbua aliye hai kwa sababu aliye hai anaweza kubadilisha. Aliyekufa hawezi kuambiwa toa baa. Atatoa vipi?

Bunge alikaa wima. Kwa mara ya kwanza mwaka huo alikubali jambo bila kujadili.

— Wembe afe, alisema.

— Nani afe?

— Kidogo tu, Wakili alisema. Kwa karatasi. Tunaweka tangazo kwa gazeti, picha ndogo. Unaenda Kitisuru kwa binamu yako, unakaa miezi sita, hutoki nje. Sisi tunapeleka mswada Westlands tukilia. Nyawira akiona machozi, baa inabaki, bia inabaki, bibi arusi anabaki bibi arusi.

— Na nikifufuka?

— Hiyo ni sehemu ya pili ya kitabu.

La ajabu ni kwamba Wembe alilifikiria. Alilifikiria kwa dhati. Aliwaza Mbithe amevaa kitambaa cheusi akisema, hakuna mtu alikuwa ananichekesha kama yeye. Kisha akakumbuka kwamba hata hapo Fundi alikuwa amemtangulia. Hata kwa kufa! Kutengeneza redio zenyewe hawezi kumaliza, lakini kufa amewahi.

— Nani hapo ana kitu ya kusoma? ilikuwa sauti ya Peres, kutoka kitini. Nitakaa hapa mpaka jioni. Yenye mtu hajakufa.

Odero, ambaye alikuwa amebaki kibandani akipanga vitabu vyake upya kwenye kamba, aligeuka.

— Dada, ukifungua tu ukurasa wa kwanza...

— Yako nitasoma, Peres alisema kwa adabu ile ile ya msibani. Baadaye.

Mbithe aliinua macho juu ya kichwa cha Peres, akamtazama Wembe. Kisha macho yakahama. Alitazama juala.

Wembe alilichukua kutoka kwapani mwa Bunge. Alihisi stoo ya chini ya ardhi, mpwa wa bosi, rubani wa Dubai, mhuri ambao hakuupata. Nakala moja duniani. Mtu mwenye akili angekaa nayo. Lakini Odero alikuwa amesimama pale, na tai, na mkono ulioshika kitabu umenyooshwa nusu kwa dada. Wembe alivuka, akachomoa kurasa kumi za kwanza.

— Kumi pekee, alisema. Na usipatie mtu.

— Sawa, Peres alisema, akaanza kusoma.

Wembe alirudi benchi akageuza uso upande wa bucha, kama mtu asiyejali. Bunge alikuwa akieleza kwamba kule ng'ambo waandishi huweka meno ya dhahabu ili wachapishaji waogope kuwadharau. Wembe hakumsikia. Masikio yake yote mawili yalikuwa nyuma ya kichwa.

Kwanza, kimya. Kimya kibaya. Kisha pumzi ya puani. Kisha Peres akacheka, kicheko kifupi, kama cha mtu aliyeshtukizwa.

— Nini? Mbithe aliuliza.

— Ati bwana arusi anauliza mbwa ako wapi, soja anasema mbwa ako likizo.

Mbithe aliinama juu ya bega lake kusoma. Chanuo lilikaa kichwani mwa Peres peke yake.

— Usigeuze, Mbithe alisema. Sijamaliza.

— Unasuka ama unasoma? Peres alimchokoza. Si ni wewe unanisuka?

— Nyamaza, ngoja.

Mteja wa kiti cha pili, aliyechoka kutazama ukuta, aliomba ukurasa ambao Peres amemaliza. Peres alisita, akakumbuka alichoambiwa, kisha akampa. Mteja wa kiti cha tatu akauomba kutoka kwa wa pili. Msusi wa kibanda cha jirani akanyoosha mkono kupitia pazia. Kabla Musembi hajaosha vikombe, kurasa zilikuwa zimeanza kutembea.

— Wembe! Mbithe aliita. Leta zingine!

Alipeleka kumi. Kisha ishirini. Akawa anavuka na kurudi, kuvuka na kurudi, na kila alipovuka alimtupia Odero jicho. Odero alikuwa ameketi juu ya katoni lake. Hakuwa akitazama vitabu vyake tena. Alikuwa akitazama mikono ya wanawake.

— Zinaenda hazirudi, Bunge alisema kwa wasiwasi. Hiyo ni nakala moja, Wembe. Ya kumi na nne iko wapi saa hii?

— Iko kwa mtu anaisoma.

— Nani?

— Sijui! Wembe alisema, na alishangaa kwamba neno hilo lilimtoka kwa furaha.

Kisha ikafika sura ya baa. Aliijua kwa sababu Mbithe alianza kucheka pale mkulima wa bustani anapoagiza bia kwa jina la mwenye nyumba, akacheka mpaka akakaa chini kwenye ndoo, na kiti cha pili kikacheka kabla ya kusoma, kwa kumcheka Mbithe tu. Sura ile ile ambayo Nyawira alitaka itoke. Wembe aliusikia ule msururu wa vicheko ukishuka safu yote ya vibanda, ukipotea kona, ukiibuka tena mbali upande wa wauza mboga, ukurasa mmoja nyuma ya mwingine.

— Jumatatu nitampigia Nyawira, alisema. Nitamwambia baa inabaki.

— Na akikataa? Wakili aliuliza.

— Basi na yeye atakuwa amekataa.

— Halafu?

Wembe alifungua mdomo kumjibu. Hapo akaona mama mmoja anakuja kutoka mwisho kabisa wa safu. Nusu ya kichwa chake ilikuwa imesukwa, nusu nyingine imesimama wima kama imeona jambazi. Mkononi alikuwa na ukurasa mmoja, amebana pembe yake kwa vidole viwili asiuchafue na mafuta.

— Niaje vijana. Nimeambiwa mwenye hii kitabu ako hapa.

— Ni mimi, mama, Wembe alisema, akisimama. Alijivuta shati. Ni mimi, Kiarie. Niliiandika peke yangu, hakuna mtu amenisaidia, hata soja ni wa kichwa yangu.

— Vizuri sana. Nataka moja ya dada yangu, ako Nakuru, anapenda mambo kama hizi. Nimetafuta mbele, nimetafuta nyuma, sioni. Mnisaidie tu. Imechapishwa na nani?

Bunge alimtazama Wakili. Wakili alitazama kadi zake za simu. Musembi alilitikisa birika, likatoa sauti ya makapi. Wembe, ambaye ulimi wake haujawahi kukosa neno tangu aliponyonyeshwa, alisimama hapo na juala mkononi, na juala lilikuwa tupu.

— Kwani ni siri? mama aliuliza.

Kwa mazoea tu, Wembe alimtafuta Odero kwa macho, aone kama anacheka. Odero hakuwa akicheka. Alikuwa bado juu ya katoni, tai imelegea, ameinamia karatasi iliyomfikia sijui kwa mikono ya nani, midomo yake ikitembea na maneno. Alifika chini. Akaigeuza, nyuma ilikuwa nyeupe. Uso ule wa wivu Wembe aliufahamu vizuri, maana yeye mwenyewe alikuwa ameuvaa tangu asubuhi.

— Mbithe, Odero alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba maji nyumbani kwa adui. Nani ako na inayofuata?